Shahidi Achelewaye: Tarikhi ya Nuru Itolewayo na Majani

Bambu, katika wilaya ya Djugu ya jimbo la Ituri, ni mji uliozaliwa na dhahabu. Watafutaji madini wawili kutoka Australia waliigundua dhahabu hiyo katika vijito vya nchi ile mwaka 1903, machimbo ya Kilo yakaanza kazi mwaka 1905, na baada ya kuundwa shirika la Sokimo mwaka 1926, ambalo mwaka 1966 liligeuzwa kuwa Okimo, Bambu ilikuwa ndiyo makao ya afisi na karakana za upande wa Kilo, na watu wa makabila mengi, Walendu na Wahema, Wanyali na Wabira, Waalur na wageni wa mbali, wakakusanyika hapo kwa ajili ya riziki itokayo ardhini. Kwa zaidi ya karne moja, basi, wakazi wa vilima vile wameijua dhahabu kuwa ni kitu cha kuchimbwa, kuoshwa, kunaswa kwa zebaki, kupimwa kwa mizani na kuuzwa, kisha ikaenda zake isirudi. Na ni nadra mtu wa huko kuletewa habari ya matumizi yake yasiyohusiana na mapambo ya maarusi wala hazina za mabenki. Yapo matumizi ya namna hiyo ambayo nataka kuyasimulia, nayo yalitangazwa mwaka 2014. Lakini siwezi kuyasimulia kwa haki bila kurudi nyuma miaka karibu 200, kwa kuwa dhahabu katika kisa hiki ni msaidizi tu, na mwenye kisa hasa ni nuru, ile nuru hafifu nyekundu ambayo kila jani bichi huirudisha kwa ulimwengu baada ya kuchukua haja yake.

Jani likipigwa na jua haliitumii nuru yote liliyoimeza. Sehemu yake hutiwa katika kazi ya kutengeneza chakula, kazi tuiitayo usanisinuru. Sehemu nyingine hugeuka joto. Na sehemu ndogo, asilimia 1 au 2, hutoka tena ikiwa nuru nyekundu iliyokolea, ambayo mchana hatuioni kwa sababu imefunikwa na mwanga wa jua wenyewe. Mtu wa kwanza kuacha maandishi juu ya nuru hii ni Sir David Brewster wa Scotland, ambaye mwaka 1834 alieleza kwamba, alipopitisha shuaa kali ya jua ndani ya maji ya kijani yaliyopatikana kwa kuloweka majani ya laureli katika alkoholi, alistaajabu kuona njia ya shuaa ndani ya maji yale imekuwa nyekundu ya kung'aa. Brewster alilishuhudia jambo hilo kwa usahihi, lakini hakuitambua sababu yake, naye alidhani ni nuru iliyotawanywa tu na chembe za ndani.

Msomaji wa Bambu au wa Bunia anaweza kulirudia jaribio lile jikoni mwake. Na achukue majani machache ya sombe, ayatwange katika kinu kama atwangavyo kwa kitoweo, lakini mahali pa maji atie spiriti ya duka la dawa, akijihadhari kukaa mbali na moto. Ayachuje kwa kitambaa safi ndani ya gilasi, kisha gizani aiangaze gilasi ile kwa kurunzi ndogo ya urujuanimno, ya zile ambazo wabadilishaji fedha huangazia noti za dola. Maji yaliyokuwa ya kijani yatawaka wekundu mahali shuaa inapoingilia, na wekundu huo utafifia kadiri shuaa inavyozama ndani, maana nuru imekwisha kumezwa njiani. Katika jani lililo hai wekundu ni hafifu mno, ilhali katika gilasi ni mkali, kwa sababu klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, iliyo ndani ya spiriti imetenganishwa na mitambo iliyokuwa ikiipokea nguvu yake, haina tena mahali pa kuipeleka, na nyingi ya nguvu hiyo haina budi kutoka nje ama kwa nuru ama kwa joto. Naomba jambo hili likumbukwe, kwani historia yote inayofuata imesimama juu yake: nuru inayotoka ni hesabu ya nguvu ambayo haikufika kunakotakiwa, na aijuaye hesabu ya kilichopotea anaweza kujua mengi juu ya kilichofika.

Aliyelipa jambo hili kanuni yake ni George Gabriel Stokes wa Cambridge, katika sahifa ndefu aliyoitoa mwaka 1852. Alianza na kwinini, dawa ambayo mti wake unalimwa mpaka leo katika milima ya Kivu, na ambayo ikiyeyushwa katika maji yenye asidi kidogo hutoa mwanga wa samawati kila ikipigwa na miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa jicho. Stokes alionyesha kwamba nuru inayotoka si ile iliyoingia. Iliyoingia imemezwa kabisa, na iliyotoka ni nuru mpya, nayo aghalabu ina nguvu pungufu, yaani imesogea upande wa wekundu. Kanuni hii, ambayo yaweza kuonekana kuwa ni jambo dogo la wapenda rangi, ndiyo itakayowawezesha watu wa karne ya ishirini kuikamata nuru ya molekuli moja peke yake, kwa kuwa nuru itokayo ikiwa na rangi nyingine kuliko iliyoingia, inawezekana kuizuia moja kwa chujio na kuiacha nyingine ipite.

Miaka karibu 80 ikapita. Mwaka 1931, huko Heidelberg, Hans Kautsky na mwenziwe Hirsch waliyaweka majani gizani kwa muda, kisha wakayaangaza ghafla, wakitazama kwa macho yao matupu kupitia kioo cha rangi. Na wakaona kwamba wekundu wa jani hupanda upesi, halafu hushuka polepole kwa muda wa dakika chache, na kushuka huko kunakwenda sambamba na jani kuanza kuivuta hewa ya kaboni. Jani likiwa bado halijashika kazi, nuru yake ni nyingi. Likishika kazi, nuru yake hupungua. Tangu siku hiyo nuru ya jani ikawa shahidi wa kazi ya jani.

Mwaka uliofuata, 1932, Robert Emerson na William Arnold huko Pasadena, California, walileta neno lililowasumbua wengi. Waliwaangaza mwani wadogo waitwao Chlorella kwa vimweko vifupi sana vya taa, wakapima oksijeni iliyotoka, wakakuta kwamba hata kimweko kiwe kikali namna gani, molekuli moja tu ya oksijeni hutoka kwa kila molekuli 2,500 za klorofili. Maana yake, kama ilivyokuja kufahamika baadaye, ni kwamba klorofili nyingi hazifanyi kazi ya kemia kamwe. Kazi yao ni kuipokea nuru na kuisafirisha nguvu yake mpaka mahali pachache palipo na mitambo. Hapo ndipo swali lilipozaliwa ambalo lingedumu hata zama zetu: nguvu hiyo husafirije?

Katika mashimo ya dhahabu ya Ituri, kokoto hupandishwa kwa mabeseni yanayopokezanwa, kutoka mikono ya mtu aliye chini mpaka mikono ya aliye mlangoni pa shimo, na beseni kwa saa yoyote limo katika mikono ya mtu mmoja tu. Namna hiyo ndivyo Theodor Förster, Mjerumani, alivyoieleza safari ya nguvu baina ya molekuli katika maandishi yake ya 1946 na 1948: nguvu hukaa kwa molekuli hii, halafu huruka kwa jirani yake, kisha kwa jirani wa jirani, kwa bahati na kwa ukaribu, mpaka ifike. Lakini ilimu ya kwanta, ambayo Förster mwenyewe aliijua vyema, inaruhusu pia jambo jingine, kwamba kwa muda fulani beseni lile moja liwe katika mikono ya watu wengi kwa pamoja, wala pasiwepo awezaye kusema liko kwa nani. Na katika hali hiyo nguvu hairuki bali hutanda kama wimbi, na sehemu za wimbi lile zikiwa bado zinakwenda kwa hatua moja, zaweza kuongezana au kufutana. Kule kwenda kwa hatua moja ndiko wataalamu wanakokuita koherensi. James Franck na Edward Teller walikwisha kulipima wazo la wimbi la namna hiyo mwaka 1938, wakaliona lina mashaka. Na kwa miongo mingi baada yao rai ya Förster ilitosha, hasa pale L. N. M. Duysens wa Utrecht, katika tasnifu yake ya mwaka 1952, alipoziangaza pigimenti, yaani molekuli zenye rangi, za aina moja katika viumbe hai na kuona nuru ikitoka kwa pigimenti za aina nyingine, burhani iliyo wazi kwamba nguvu imehama kabla ya kutoka.

Kiumbe ambaye hatimaye alilifufua swali la wimbi hakuwa mti wala mwani, bali bakteria, na ndugu zake wa karibu wanaishi katika Kongo ya mashariki. Msafiri atokaye Bunia akashika njia ya Komanda, Beni na Butembo mpaka Goma, akaendelea hata Sake, ataiona ghuba ya Kabuno, pembeni kaskazini-magharibi mwa Ziwa Kivu, iliyotengwa na ziwa kuu kwa kizingiti kilicho chini ya maji. Maji ya ghuba hiyo yamegawanyika matabaka yasiyochanganyika: la juu lina hewa na uhai wa kawaida, la chini halina oksijeni hata kidogo, nalo limejaa chuma kilichoyeyuka na gesi ya kaboni itokayo katika chemchemi za volkeno. Mpaka wa matabaka hayo uko chini kiasi cha mita 10, mahali ambapo nuru ya jua imekwisha kudhoofika sana, na hapo ndipo wanapokaa kwa wingi bakteria wa jamaa ya kijani wa kibiriti, ingawa wa Kabuno rangi yao ni ya kahawia. Mwaka 2015 kundi la watafiti lililoongozwa na Marc Llirós, ambalo ndani yake walikuwamo Jean-Pierre Descy, aliyekwisha kufanya kazi katika Ziwa Kivu kwa miaka mingi, na Sean Crowe, lilitangaza kwamba bakteria hao hutumia nuru ile kidogo kunyang'anya elektroni kutoka katika chuma, kazi ambayo wanajiolojia wengi hudhani ndiyo iliyoweka chini ya bahari za kale, kabla dunia haijawa na oksijeni, tabaka kwa tabaka za mawe ya chuma. Mawe ya namna hiyo yamo pia katika mkanda wa miamba ya Kilo-Moto wenye dhahabu yetu. Na sioni kuwa ni jambo dogo kwamba kazi iliyofanyika katika bahari za zama hizo inaweza kutazamwa ingali ikifanyika leo, mwendo wa siku chache tu kutoka Bambu.

Bakteria wa jamaa hii ana mfuko uliojaa pigimenti kwa maelfu mengi, ambao huitega nuru hata iwe haba namna gani. Na baina ya mfuko huo na mtambo wa kemia liko daraja la protini, ambalo John Olson alilitambua mwaka 1962, na ambalo Roger Fenna na Brian Matthews walilifanya fuwele na kulisoma kwa eksirei hata mwaka 1975 wakachora umbo lake. Lilikuwa la kwanza miongoni mwa protini zote zenye klorofili kujulikana umbo lake, nalo kwa heshima ya hao watatu huitwa FMO. Ni kitu chenye sehemu tatu zinazofanana, na katika kila sehemu walihesabu molekuli saba za bakterioklorofili, yaani klorofili ya bakteria, ya nane ikaongezwa na watafiti wa baadaye. Kwa kuwa molekuli zake ni chache na mahali pake panajulikana, FMO likawa uwanja uliotamaniwa na kila aliyetaka kujua nguvu inapitaje.

Aprili 2007, Gregory Engel, akiwa katika maabara ya Graham Fleming huko Berkeley, alitangaza pamoja na wenziwe matokeo yaliyotikisa fani mbili kwa pamoja. Waliipoza FMO hata nyuzi 196 chini ya sufuri, wakaipiga kwa mapigo matatu ya leza, mafupi kupita kiasi, nayo protini ikajibu kwa kutoa pigo la nne, mwangwi wa nuru, ambao waliupima. Mwangwi ule ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka tena, kwa zaidi ya femtosekunde 660. Femtosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa kwa 1,000,000,000,000,000, na katika femtosekunde 660 nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde, husafiri sehemu moja ya tano ya milimita tu. Lakini kwa molekuli muda huo ni mrefu, kwani wengi walikuwa wameamini kwamba mawimbi ya elektroni katika protini iliyo na msukosuko wa joto huvurugika mapema zaidi. Waandishi walithubutu kusema kwamba huenda wimbi hilo huijaribu njia nyingi kwa pamoja na kuichagua iliyo bora, wakailinganisha kazi hiyo na ile ya kompyuta za kwanta. Mwaka 2010 kundi la Engel, aliyekuwa sasa Chicago, liliona mpando na mshuko wa namna ile katika nyuzi 4 juu ya sufuri, na mwaka huo huo kundi la Gregory Scholes huko Toronto likaripoti mambo yanayofanana na hayo katika protini za mwani wa aina nyingine, kwa joto la kawaida la chumba.

Walakini katika vipimo hivyo vyote mashahidi walikuwa ni umati. Ndani ya tone moja la maabara mna mabilioni ya protini, na hakuna mbili zilizo sawasawa kabisa. Kinachopimwa ni sauti ya wote kwa pamoja, ambamo tabia ya kila mmoja hupotea. Njia ya kuiuliza molekuli moja peke yake ilikuwa ni ile nuru ya Brewster. Mwaka 1999 huko Leiden, Antoine van Oijen na wenziwe waliichukua LH2, protini ya bakteria wa zambarau ambayo umbo lake lilikuwa limetolewa na watu wa Glasgow mwaka 1995, yenye bakterioklorofili 27 zilizopangwa maduara mawili, 9 katika moja na 18 katika jingine. Wakaipoza karibu na baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 272 chini ya sufuri, wakaiangaza moja moja huku wakibadili rangi ya leza, na kwa kuitazama nuru nyekundu iliyotoka wakajua ni rangi zipi zilizomezwa. Wakaona kwamba katika duara la 18 nguvu haikai kwa molekuli moja bali imetandaa kwa nyingi, ilhali katika duara la 9 kila moja ina chake.

Jaribio ambalo mimi nalihesabu kuwa kilele cha hila hii lilifanywa Castelldefels, karibu na Barcelona, na kutangazwa Juni 2013 na Richard Hildner, Niek van Hulst na wenzao, pamoja na Richard Cogdell wa Glasgow aliyewapa protini. Ugumu wao ulikuwa huu: hakuna jicho wala chombo cha kuhesabu nuru kinachoweza kuzifuata femtosekunde, na LH2 yenyewe, baada ya kuangazwa, hukaa takriban nanosekunde nzima, yaani femtosekunde 1,000,000, kabla ya kuitoa nuru yake. Shahidi huja wakati tukio limekwisha kupita mara elfu. Basi wao hawakumwuliza ameona lini. Walimwuliza tu kama yupo au hayupo. Walilipiga duara la 9 kwa pigo fupi la leza, kisha baada ya muda walioupima kwa uangalifu wakapiga pigo la pili lenye rangi ya duara la 18. Ikiwa wimbi la nguvu bado linakwenda kwa hatua moja pigo la pili linapofika, pigo hilo litaliongeza au litalifuta, kutegemea muda uliopita baina ya mapigo mawili. Na likiongezwa, chembe za nuru ziitwazo fotoni zitatoka zaidi baadaye, likifutwa zitatoka chache. Wakabadili muda ule kidogo kidogo, wakawa wanahesabu fotoni zinazochelewa kutoka katika protini moja tu iliyokaa juu ya kioo kwa joto la chumba, na hesabu ikapanda na kushuka kwa zaidi ya femtosekunde 400. Fauka ya hayo, mwendo wa mpando na mshuko ulitofautiana kutoka protini moja hadi nyingine, na hata katika protini hiyo hiyo ulibadilika kadiri muda ulivyokwenda, jambo ambalo kipimo cha umati kisingeweza kulidhihirisha kamwe.

Sasa naja kwenye dhahabu. LH2 hutoa nuru haba, na kila sekunde ya kungoja ni sekunde ambayo leza inaichosha protini mpaka ife. Mwaka 2014, katika maabara ile ile ya van Hulst, Emilie Wientjes na wenziwe walitengeneza juu ya kioo vijiti vya dhahabu vidogo mno, ambavyo vipimo vyake ni vya nanomita, na urefu wake wakauchagua ili elektroni za dhahabu zitikisike sawasawa na rangi ya nuru ya LH2. Protini ikikaa kwenye ncha ya kijiti hicho, nuru inayoifikia hukusanywa na nuru inayotoka husukumwa nje kwa upesi zaidi, hata mwangaza wa LH2 moja ukaongezeka zaidi ya mara 500. Dhahabu ilichaguliwa kwa sababu haiozi wala haishiki kutu, na kwa sababu elektroni zake huitikia vyema nuru ya upande wa wekundu. Ni dhahabu ile ile, tabia zile zile, zilizowafanya watu waipende tangu kale. Na kwa mwangaza huo wa kutosha waliweza kuthibitisha kwamba LH2 moja, pamoja na pigimenti zake 27, hutoa fotoni moja moja, wala si mbili kwa pamoja.

Ingekuwa rahisi kukikomesha kisa hapa, na waandishi wengi wa magazeti walikikomesha hapa, wakiwaambia wasomaji wao kwamba majani ni kompyuta za kwanta. Haki ya ilimu haikuruhusu. Kupanda na kushuka kwa nuru ni ushahidi kwamba kitu fulani kinatikisika kwa mpango. Lakini ni kitu gani? Elektroni zina mawimbi yake, na viini vya atomu navyo hutikisika mithili ya nyuzi za gitaa, na mitikiso ya viini hudumu muda mrefu bila taabu yoyote, hata katika joto. Mwaka 2017 Hong-Guang Duan, Michael Thorwart, R. J. Dwayne Miller na wenzao walirudia vipimo vya FMO katika joto la kawaida, wakakuta kwamba koherensi ya elektroni hufa ndani ya femtosekunde 60, mapema mno kuweza kuiongoza safari ya nguvu. Na mwaka 2020 kundi la wataalamu wa nchi nyingi, akiwamo Cogdell mwenyewe, lilichapisha mapitio yaliyosema wazi kwamba mpando na mshuko ulioonekana mwaka 2007 ulitokana hasa na mitikiso ya viini, wala si wimbi la elektroni linalotafuta njia. Kwa rai yangu, tendo hili lina thamani sawa na ugunduzi wowote uliotangulia. Watu walikuwa wamejenga sifa juu ya dai kubwa, majarida yalikuwa yamelipamba, na bado, mkondo wa vipimo ulipogeuka, waligeuka nao na kuandika majina yao chini ya masahihisho. Nami nawaona wenye bahati wanafunzi waliosoma fizikia katika miaka hiyo, kwa kuwa walijionea kwa macho yao jinsi shahidi aaminikaye anavyoweza kusema kweli tupu na hakimu akaielewa vibaya.

Masahihisho hayo hayamaanishi kwamba kwanta imeondoka katika kazi hii ya nuru. Lile duara la LH2 lenye molekuli 18, ambamo nguvu imetanda kwa nyingi pamoja, limebaki kuwa hakika, na kutanda huko ndiko kunakoamua rangi zinazomezwa na upesi wa nuru kutoka. Kilichoanguka ni dai moja tu, la wimbi linalodumu na kuchagua njia. Na swali likasogea mahali pengine, penye msingi zaidi. Klorofili moja chini ya jua kali la adhuhuri humeza fotoni kiasi cha 10 tu kwa sekunde, na katika kivuli cha msitu wa Ituri, au chini ya mita 10 za maji ya Kabuno, hungoja muda mrefu zaidi. Ilhali maabara hizo ziliipiga kwa leza zenye fotoni nyingi mno. Je, fotoni moja peke yake yatosha kuianzisha kazi? Juni 2023 Quanwei Li, Birgitta Whaley, Fleming na wenzao wa Berkeley walijibu. Walitengeneza fotoni kwa jozi, moja ikapelekwa kwenye chombo kutoa habari kwamba mwenzake yuko njiani, na huyo mwenzake akapelekwa kwa LH2. Kisha wakangoja nuru itoke. Walihesabu habari za fotoni zaidi ya bilioni 17.7, na katika hizo fotoni milioni 1.6 zilizotoka katika protini na kuoana na mwenzi wake. Na hesabu ikathibitisha kwamba fotoni moja iliyoingia inatosha kuleta fotoni moja itokayo. Ni mara ya kwanza nuru haba kama ile ya gizani kwa viumbe hawa kupimwa moja moja, ikiingia na ikitoka.

Bakteria wa Kabuno naye amekwisha kupewa jina. Crowe na wenzake walimtenga na kumkuza peke yake katika maabara, wakamwita Chlorobium phaeoferrooxidans, aina KB01, na mwaka 2017 wakachapisha jenomu yake. Amezaliwa katika maji ya Kongo, ana daraja la FMO kama jamaa zake wote, na anaishi kwa nuru iliyo haba kuliko ile ya viumbe wengi waliowahi kuwekwa chini ya leza. Kipimo cha fotoni moja moja kinamfaa kuliko wote. Chuo cha ualimu cha Bukavu, ISP, kimekwisha kushirikiana na Wabelgiji kwa miaka mingi katika kulichunguza Ziwa Kivu, na Chuo Kikuu cha Bunia kina vijana wa sayansi. Na kwa kuanzia hapahitajiwi leza ya femtosekunde, bali chupa za kuchotea maji kutoka kina kinachojulikana, taa ya rangi moja, chujio cha kioo, kipokezi cha nuru na daftari la kuandikia, ili ijulikane ni kiasi gani cha nuru ambacho bakteria wa tabaka lile hukirudisha saa ya asubuhi, saa ya adhuhuri na saa ya jioni.